Malezi: Mtoto Anayejifunza Judo na Wajibu wa Wazazi Wake

Wahenga walisema kuteleza si kuanguka. Mtoto aingiapo katika ukumbi wa judo hukuta usemi huo umegeuzwa. Huko kuanguka si aibu wala si msiba, bali ndilo somo la kwanza, na huenda likamchukua wiki nyingi kabla ya kuruhusiwa kumshika mwenzake na kumtupa. Wazazi wengi hawalijui jambo hili. Humpeleka mtoto Jumamosi asubuhi, hulipa ada, na baada ya mwezi mmoja huanza kuuliza mbona mtoto hajapata mkanda wa rangi, mbona hajashindanishwa na mtu, mbona kazi yake ni kubiringika tu kama gunia la viazi. Swali hilo huulizwa kwa nia njema, lakini ni mwanzo wa matatizo mengi, maana mwalimu asiye na msimamo huweza kulitii.

Judo ilianzishwa mjini Tokyo mwaka 1882 na Kano Jigoro, ambaye wakati huo alikuwa kijana wa miaka 21. Utotoni alikuwa mdogo wa mwili, akionewa na wenzake shuleni. Alijifunza mieleka ya kale ya Kijapani iitwayo jujitsu, akaondoa mbinu zilizokuwa za hatari mno kwa mazoezi, akaupa mchezo wake jina lenye maana ya njia ya ulaini. Yafaa wazazi wakumbuke kwamba Kano alikuwa mwalimu kwa kazi yake, na kwa zaidi ya miaka 20 aliongoza chuo cha ualimu cha Tokyo. Nia yake haikuwa kutoa mabingwa wa ugomvi wa mitaani. Alitaka kijana ajifunze kutumia nguvu zake kwa njia iliyo bora, na kustawi pamoja na mwenzake. Mtoto anayetupwa leo ndiye anayemwezesha mwenziwe kujifunza. Kesho zamu hubadilika. Ndiyo maana wawili hao huinamiana kabla ya kushikana na baada ya kuachana. Wako wazazi ambao kuinama huko huwatia wasiwasi kwa sababu ya dini. Kwa kawaida ni salamu tu, kama kupeana mikono, na mwenye shaka hakatazwi kumwendea mwalimu wakazungumza.

Sasa kuanguka kwenyewe. Mtoto hufundishwa kuanguka kwa nyuma, kwa ubavu wa kulia na wa kushoto, kwa mbele, na kubiringika juu ya bega. Katika kuanguka kwa nyuma huambiwa aingize kidevu kifuani na kuutazama mkanda wake, ili kisogo kisiguse chini kamwe. Wakati mgongo unapofika chini, mikono yote miwili, toka kiganja hadi karibu na bega, hupiga sakafu kwa pamoja ili kishindo kigawanyike. Mtoto asiyefundishwa hufanya kinyume chake: hunyoosha mkono mmoja nyuma kujizuia, na hapo ndipo kifundo, kiwiko au mtulinga huvunjika. Ikiwa shingo imelegea, kichwa huja nyuma kama jiwe. Somo hili haliwezi kuharakishwa. Lazima lirudiwe hadi mwili ulijue wenyewe, kwa maana mtu anapotupwa hapati nafasi ya kufikiri.

Gharama ya haraka inajulikana, na imelipwa katika nchi ile ile iliyouzaa mchezo huu. Kati ya mwaka 1983 na 2011, wanafunzi zaidi ya 100 walikufa nchini Japani katika mazoezi ya judo ya shule, ama katika masomo ama katika vikundi vya michezo. Wengi walikufa kwa kuvuja damu ndani ya fuvu. Waliopata majeraha mabaya ya kichwa aghalabu walikuwa vijana ambao hawakuwa wamekaa muda mrefu katika mchezo, na mbinu iliyoonekana mara nyingi katika ajali hizo ni ile ya kumfyeka mwenzako mguu kutoka nje na kumtupa kinyumenyume. Mwaka 2010 wazazi waliofiwa, pamoja na wale ambao watoto wao walibaki na ulemavu, waliunda chama chao wakadai maelezo. Madai yao yalisikika kwa uzito zaidi kwa sababu serikali ya Japani ilikuwa imekwisha kuamua kwamba kuanzia mwaka 2012 michezo ya mapigano ya jadi, judo ikiwa mmojawapo, ifundishwe kwa lazima katika shule za kati. Miongozo ilikazwa, walimu wakafundishwa upya juu ya majeraha ya kichwa, na vifo vikapungua sana.

Habari hizi hazikuletwa hapa ili kuwatisha wazazi wakawatoe watoto. Nchini Ufaransa mamia ya maelfu ya watoto hucheza judo, na huko sheria ya mwaka 1955 ilikwisha kukataza mtu kufundisha mchezo huu kwa malipo bila diploma iliyotambuliwa na serikali. Tofauti kubwa basi haimo katika mchezo bali katika mwalimu, na mwalimu ni jambo ambalo mzazi anaweza kulichunguza hata kama hajapata kuvaa mkanda maishani mwake.

Kabla ya kulipa ada, mzazi aketi ukumbini kwa kipindi kizima. Mwalimu anayekataa wazazi wasitazame aachwe siku ile ile. Atazame sakafu: je, magodoro yamebanana, au yanaachana mguu unapoteleza? Kuna kumbi zisizo na uwezo wa kununua tatami za dukani, ambazo hutandika maranda ya mbao chini ya turubai lililovutwa likakaza. Sakafu hiyo yaweza kufaa ikitunzwa. Saruji iliyofunikwa kwa mkeka haifai hata kidogo, wala hakuna ustadi wa kuanguka unaoweza kumwokoa mtoto juu yake. Kisha atazame jinsi watoto wanavyopangwa wawili wawili. Mtoto wa kilo 25 hapaswi kutupwa na wa kilo 45, na aliyeanza mwezi uliopita asipewe mkongwe mwenye hamu ya kujionyesha. Zile mbinu za kukaba koo na kupinda kiungo cha mkono hazistahili watoto wadogo. Huko Japani kwenyewe watoto wa shule ya msingi hawaruhusiwi kuzitumia katika mashindano. Mwisho aulize, kwa adabu, ni nani aliyempa mwalimu mkanda wake mweusi, na kama shirikisho la nchi linamtambua. Mwalimu wa kweli hachukizwi na swali hilo.

Nyumbani, jambo moja linapita mengine yote kwa uzito, nalo ni kichwa. Ubongo huweza kujeruhiwa hata kama kichwa hakikugonga chini, kwa kutikiswa tu kwa nguvu. Mtoto akirudi kutoka mazoezini na kulalamika kichwa kinauma, asiambiwe kuwa ni jua au njaa kabla ya kuulizwa kilichotokea. Maumivu yakizidi, akitapika, akisinzia saa zisizo za kusinzia, akiuliza swali lile lile mara tatu, akiyumba, akishikwa na kifafa, au mboni ya jicho moja ikiwa kubwa kuliko ya pili, apelekwe hospitali usiku huo huo bila kungoja kupambazuke. Hata pale dalili zinapokuwa ndogo, asirudi mazoezini mpaka daktari amwone na kichwa kiwe kimetulia kabisa. Kipigo cha pili juu ya ubongo ambao haujapona huweza kuua, ingawa chenyewe ni chepesi. Mtoto mwenye ari huficha maumivu ili asikose mashindano, na mzazi mwenye ari kuliko mtoto humsaidia kuficha.

Ari hiyo ya wazazi ndiyo iliyowafanya viongozi wa judo nchini Japani wachukue uamuzi ulioshangaza wengi. Mwezi wa Machi mwaka 2022 Shirikisho la Judo la Japani lilitangaza kwamba linafuta mashindano ya taifa ya mtu mmoja mmoja kwa wanafunzi wa shule ya msingi, mashindano yaliyokuwa yakifanyika tangu mwaka 2004 kwa watoto wa darasa la tano na la sita. Rais wa shirikisho wakati huo alikuwa Yamashita Yasuhiro, bingwa wa Olimpiki wa mwaka 1984, mtu asiyeweza kushutumiwa kuwa hapendi ushindi. Sababu zilizotolewa zilikuwa hizi: watoto wa miaka kumi walikuwa wakipunguzwa uzito kwa nguvu ili wapate kushindana na wepesi kuliko wao, makocha na wazazi walikuwa wakiwakaripia walioshindwa, na wengine walikuwa wakiwazomea waamuzi. Hayakuwa makosa ya watoto hata moja.

Juu ya suala la uzito hapana budi kusema wazi. Mtoto anakua, mifupa, damu na akili vinajengwa kwa chakula anachokula wiki hii. Kumnyima maji, kumvika masweta akimbie juani, au kumfungisha siku mbili ili asome kilo 30 badala ya 32 katika mizani ni kumwibia mwili wake kwa ajili ya kipande cha shaba. Kama amezidi uzito, ashindane na wazito wenziwe, ashindwe ikibidi. Siku ya mazoezi ale chakula cha kawaida saa mbili au tatu kabla, wali na maharage au ugali na mboga, si kingi mno, na achukue chupa ya maji safi. Akimaliza, ndizi na karanga zatosha mpaka afike nyumbani. Dawa za kuongeza nguvu zinazouzwa kwa makopo hazina kazi kwa mtoto.

Kuhusu ukali dhidi ya anayeshindwa, upo mfano wa karibu. Popole Misenga alizaliwa Bukavu mwaka 1992. Akiwa na miaka tisa alikimbia vita akapotea msituni, akaokotwa na kupelekwa Kinshasa, na huko akajifunza judo katika makao ya watoto waliotengana na jamaa zao. Mwaka 2013 alikwenda Rio de Janeiro kwa mashindano ya dunia, yeye na mwenzake Yolande Bukasa, na wote wawili wakabaki Brazili kuomba hifadhi. Misenga ameeleza kwamba kila aliposhindwa alifungiwa kwa siku kadhaa na kupewa chakula kidogo tu. Miaka mitatu baadaye, katika Olimpiki ya mwaka 2016, alisimama katika mji ule ule akiwa mmoja wa timu ya wakimbizi, akashinda pambano lake la kwanza. Ameeleza pia kwamba mchezo huu ulimpa utulivu na nidhamu ambayo mtoto hupewa na wazazi, naye hakuwa nao. Mkono uliompa mchezo na mkono uliomwadhibu kwa ajili ya mchezo haikuwa na haja ya kuwa mmoja.

Mzazi anapokwenda kutazama mashindano, kiti chake ni cha mtazamaji. Mtoto anayesikia sauti mbili, ya mwalimu upande huu na ya baba upande ule, husimama kati asijue amtii nani, na katika nusu dakika hiyo hutupwa. Makofi yanaruhusiwa, hata kwa mtoto wa mwenzako. Njiani kurudi nyumbani, aliyeshindwa asipewe hotuba. Akitaka kulia alie. Akitaka kunyamaza anyamaziwe. Swali la mbona hukufanya kama ulivyofundishwa linaweza kungoja, na mara nyingi yeye mwenyewe atalijibu kesho bila kuulizwa.

Wapo bado wazazi wanaowazuia mabinti, wakisema mchezo huu ni wa wavulana. Wanawake wamekuwa wakishindania medali za judo katika Olimpiki tangu mwaka 1992, na kujua kuanguka vizuri ni faida kwa kila mwenye mifupa. Binti huvaa fulana nyeupe ndani ya vazi lake, hufunga nywele kwa mpira usio na chuma, na kuacha hereni nyumbani. Kwa wavulana na wasichana sawasawa, kucha za mikono na miguu zikatwe fupi, miguu ioshwe, na ndara zivaliwe mpaka ukingoni mwa tatami, kwani choa na magonjwa mengine ya ngozi huenea upesi pale watu wanapokumbatiana wakitoka jasho. Mwenye upele unaotoa maji abaki nyumbani hadi upone.

Limebaki vazi. Hushonwa kwa pamba nzito, nalo husinyaa likifuliwa kwa maji ya moto, hivyo linunuliwe kubwa kidogo na kufuliwa kwa maji baridi. Upande wa kushoto hulala juu ya ule wa kulia, kwa mvulana na kwa msichana. Kinyume chake, kwa desturi ya Wajapani, ni mavazi ya maiti. Pakichanika begani pashonwe kwa uzi mnene mara mbili, wala pasiachwe, maana kidole cha mtoto mwingine huweza kunasa humo na kuvunjika. Lianikwe juani siku ile ile, lisikae katika mfuko na jasho lake mpaka Jumatatu.