Magari ya Kale Yasiishie Tanuruni

Katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, limehifadhiwa gari dogo aina ya Austin ambalo Mwalimu Julius Nyerere alilitumia katika harakati za TANU za kudai Uhuru. Katika makumbusho hayo hayo lipo pia Rolls-Royce la magavana wa Kiingereza. Anayeyatazama magari hayo mawili hahitaji kuhutubiwa juu ya tofauti ya mtawala na mtawaliwa. Anaiona kwa macho yake.

Hiyo ndiyo faida ya kukusanya na kufufua magari ya zamani, na ndiyo sababu hatukubaliani na wale wanaodai kuwa shughuli hiyo ni anasa ya matajiri. Mashindano ya Safari yalianza Afrika Mashariki mwaka 1953. Tangu mwaka 2003 majirani zetu wa Kenya wameandaa pia Safari ya magari ya kale, ambayo huvuta wageni na kuwapatia mafundi kazi.

Ndugu zetu wa Visiwani wanalielewa jambo hili vizuri. Katika Beit al-Ajaib, jengo la Sultani Barghash la mwaka 1883, wageni waliwahi kuonyeshwa gari aina ya Ford Zephyr lililotumiwa na Mzee Abeid Amani Karume. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jengo hilo iliporomoka, na watu wawili wakapoteza maisha. Msiba ule ulitufundisha kwamba kukiingiza kitu katika makumbusho si mwisho wa kazi ya kukitunza. Gari nalo, katika hewa ya chumvi ya pwani, huliwa na kutu hata likiwa limesimama.

Lakini historia ya nchi hii haikubebwa na magari ya wakuu peke yake. Zilikuwapo Land Rover na malori yaliyowachukua mabwana shamba, wauguzi na masanduku ya kura katika barabara za vumbi na tope. Mtoto wa Kakese, huko Mpanda mkoani Katavi, ataonyeshwa nini ili ajue jinsi huduma za Serikali zilivyokuwa zikifika katika vijiji vya mbali? Gari la namna hiyo huandikwa kuwa limechakaa, hupigwa mnada, na mara nyingi huishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Lililokuwa la kawaida jana huwa adimu kesho kwa sababu hakuna aliyeona haja ya kuliweka.

Sheria nayo haisaidii vya kutosha. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, inayohusu Tanzania Bara, ilipoeleza masalio ya kale yanayohamishika iliweka mpaka wa mwaka 1863. Wakati huo gari la petroli la Karl Benz, lililopata hataza mwaka 1886, lilikuwa halijaundwa.

Tunajua kuwa shule na zahanati zinahitaji fedha, wala hatuombi kila gari bovu lihifadhiwe. Tunachoomba ni kwamba, Bara na Visiwani, orodha ya magari ya Serikali yanayokusudiwa kupigwa mnada ipelekwe kwanza kwa wataalamu wa makumbusho. Kila mkoa uchague walau gari moja lenye historia na ulihifadhi pamoja na kumbukumbu zake. Kazi ya kulifufua wapewe mafundi wazee wanaozijua kabureta na kunyoosha bodi, wakisaidiwa na vijana wa vyuo vya ufundi. Na wasilipambe likapoteza sura yake: kifaa cha asili kinachotengenezeka kisitupwe, na kila kinachobadilishwa kiandikwe.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Maofisa wanaohusika walifungue daftari hilo kabla ya mnada ujao.