Bakapu isiyofunguka kwingine si bakapu!

Wahenga walisema akiba haiozi. Hawakuwa na kompyuta! Akiba ya faili huoza, tena kimya kimya, na mwenyewe hujua siku anayoihitaji.

Ndugu msomaji, ingia maduka na shule za hapa Nakuru uulize kama wana bakapu. Wengi watakuonyesha diski iliyochomekwa kwenye kompyuta ile ile. Sasa uliza swali la pili: mmewahi kuirejesha kwenye mashine nyingine? Kimya.

Watu wa Kihoto kule Naivasha waliingiliwa na ziwa majumbani mwaka 2020, kisha tena 2025. Diski iliyo meza moja na kompyuta huzama pamoja nayo. Lakini hata ukiiokoa diski, kazi bado. Mashine utakayonunua ina Windows nyingine na jina lingine la mtumiaji. Programu ya hesabu inatafuta faili kwenye D:, na mashine mpya ina C: pekee. Kama fundi alinakili folda ya MySQL huku seva ikiendelea kuandika, databesi inaweza kukataa kufunguka. Na kama faili zilifungwa kwa EFS ya Windows bila ufunguo kuhifadhiwa kando, nakala unayo ila kuisoma huwezi. Ufunguo umekufa na kompyuta ya zamani!

Msidhani ni ushamba wetu. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa GitLab alifuta kimakosa databesi ya seva kuu. Wakakimbilia bakapu za kila siku... hakuna kitu! Programu ya kunakili ilikuwa ya toleo 9.2 na databesi ni PostgreSQL 9.6, kwa hiyo iligoma kila siku, na barua pepe za kuonya hazikuwafikia. Kilichowaokoa ni nakala ya saa 6 nyuma iliyokuwa kwenye mazingira ya majaribio. Yaani data iliyokuwa tayari imesimama kwingine! Kazi ya databesi ya saa hizo 6 ilipotea.

Mafundi wenzangu, lawama ya kwanza ni yetu. Tunaandika "bakapu tayari", tunalipwa, tunaondoka. Nani kati yetu humwonyesha mteja faili zake zikifunguka kwenye mashine nyingine? Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019, kifungu cha 41, inataja uwezo wa kurejesha data binafsi kwa wakati baada ya ajali. Uwezo wa kurejesha, jamani, si kumiliki diski!

Utaniambia huna pesa za mashine ya pili. VirtualBox ni ya bure; inakupa kompyuta ndani ya kompyuta. Au azima laptopu kwa nusu siku, kisha ufute data ya wateja ukimaliza. Rejesha kwenye folda mpya, usiiweke juu ya faili zinazotumika, maana nakala mbovu itaua na nzima. Mwite mhasibu afungue ripoti ya mwezi jana, alinganishe jumla. Andika ilichukua saa ngapi. Rudia kila baada ya miezi mitatu.

Bosi akisema huko ni kupoteza muda, muulize wadeni wake ni akina nani, bila kugusa kompyuta. Akishindwa kuwataja, mmeelewana.

Haya, kazi kwenu.