Nyambizi Mpya, Hofu Ileile



Huko Faslane, magharibi ya Uskoti, kipo kituo cha nyambizi za Jeshi la Majini la Uingereza. Serikali ya nchi hiyo husema kwamba tangu mwaka 1969 haijapita hata siku moja bila nyambizi yenye makombora ya nyuklia kuwa baharini, imejificha, ikingoja amri.

Nyambizi nne zilizopo ziliingia kazini kati ya 1993 na 1999, nazo zilikusudiwa kudumu miaka 25. Zimechakaa. Iliyo kongwe, Vanguard, iliingizwa karakanani mwaka 2015, isitoke hadi 2023. Kwa kuwa zinazofaa safari ni chache, mabaharia hukaa chini ya maji zaidi ya miezi mitano, ilhali zamani safari ilikuwa ya miezi mitatu hivi. Hupokea salamu fupi za jamaa zao, lakini hawaruhusiwi kujibu. Nao ni watoto wa watu.

Tarehe 18 Julai 2016 Bunge la Uingereza liliamua, kwa kura 472 dhidi ya 117, zijengwe nyingine nne. Gharama ilikadiriwa kuwa pauni bilioni 31, na bilioni 10 zaidi zikawekwa akiba.

Watetezi wa mpango huo hunena kwamba hofu ndiyo iliyolinda amani ya Ulaya, na vita vya Ukraine vilivyopamba moto mwaka 2022 vimewaongezea hoja. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Aliye jirani na mnyang'anyi hulala amefunga mlango. Lakini komeo hulinda nyumba pasipo kuchoma kijiji. Silaha hii haiwezi kupigwa mjini bila kuteketeza wachanga na wazee pamoja. Tendo la namna hiyo lililaaniwa na Mtaguso wa Pili wa Vatikano mwaka 1965. Maaskofu Katoliki wa Uskoti, ambao silaha hizo zimo nchini mwao, waliiomba serikali mwaka 2006 isizifanye upya. Naye Baba Mtakatifu Fransisko, akiwa Hiroshima mwaka 2019, alitamka kwamba hata kuzimiliki ni kinyume cha maadili. Kwa maoni yangu, nia ya kuua halaiki haitakaswi kwa kuwekwa akiba.

Je, yatuhusu? Afrika ilikwisha kujikataza silaha hizi kwa Mkataba wa Pelindaba, uliotiwa sahihi mwaka 1996. Tena Februari 2025 serikali hiyo ya Uingereza ilitangaza kupunguza msaada wake kwa nchi za nje, kutoka asilimia 0.5 ya pato la taifa hadi 0.3 ifikapo 2027, ili fedha ziende kwenye ulinzi. Viongozi wa walei walijadili hilo katika jumuiya zao, kwa maana wagonjwa wa zahanati zetu hawakupiga kura Londoni.

Na zile zilizotangulia hizi za sasa? Zilikuwa nne pia. Ya mwisho iliondolewa kazini mwaka 1996. Hadi leo zimo bandarini Rosyth, na kazi ya kuzibomoa, kwa sababu ya mionzi iliyomo, haijakwisha.