«Freni ilikatala»: maneno yanayofunga kila ajali ya jeep

Kila mara jeep inapoanguka ku Ngomo ao mu mitelemko ya Bukavu, habari inafika na maneno yale yale: freni ilikatala. Polisi anayaandika, redio inayasoma, familia inayasikia ku matanga, na pale pale maulizo yanakwisha. Hakuna anayeuliza freni ilikatala namna gani, na nani aliigusa mara ya mwisho. Lakini freni ya jeep haikatale bure. Karibu kila mara iko imekwisha kusema mbele, siku kadhaa ao wiki nzima, na mutu hakusikia, ao alisikia akaona safari haiwezi kungoja.

Mashofere wanaofanya Bukavu–Uvira wanajua vizuri namna inaanza. Gari imepita Nyangezi, imejaa watu na mizigo juu, inaanza kushuka. Kwa zamu za kwanza pedali iko nguvu. Kisha inaanza kuwa laini, mutu anakanyaga zaidi, harufu ya kuungua inaingia ndani, na kwa zamu moja mguu unafika chini bila kukuta kitu. Mwenye bahati anashindilia pedali mara nyingi, anarudisha vitesi ya kwanza, anapeleka gari ku ukuta wa mulima, inasimama. Wanashuka, wanangoja nusu saa. Pedali inarudi! Safari inaendelea. Kesho yake ku garaji, mekanisie anakanyaga na anakuta freni iko nguvu, hakuna mafuta yanayovuja, plaketi ziko. Anasema gari haina shida. Na mushofere anabaki na neno moja tu la kueleza: siku ile ilikatala.

Ile pedali iliyorudi njo inaonyesha kilichotokea. Ziwa Kivu liko kwenye metre 1.460 juu ya bahari, ziwa Tanganyika karibu metre 770. Tofauti ni kama metre 700, na sehemu kubwa inashukwa pale Ngomo, mbele ya kufika Kamanyola. Jeep yenye uzito wa tone mbili na nusu pamoja na watu wake, ikishuka metre 700 kwa freni tu, inatoa moto wa kutosha kuchemsha bidoni mbili na nusu za maji, zile za litre 20. Moto huo unaingia mu diski na plaketi, na kutoka pale unapanda mu mafuta ya freni.

Mafuta hayo yana tabia moja ambayo wengi hawaijui: yanakunywa maji. Hata gari ikilala tu kwenye parsele, unyevu wa hewa unapita pole pole mu mipira na mu kifuniko. Mafuta ya DOT 3, yakiwa mapya, hayachemke mbele ya digri 205. Yakisha kukunywa maji, inaweza kuwa digri 140 tu. DOT 4 iko juu kidogo: 230 yakiwa mapya, 155 yakisha kuzeeka. Yakichemka yanafanya mvuke, na mvuke unaminyika. Mguu unaminya mvuke pahali pa kuminya plaketi. Gari ikipoa, mvuke unarudi kuwa mafuta, na pedali inarudi sawa hakuna kilichotokea. Njo maana mekanisie wa kesho yake haoni kitu. Hakudanganya, alifika nyuma ya saa.

Watengenezaji wengi wanaomba mafuta ya freni yabadilishwe yote kila miaka miwili hivi. Kwetu, mafuta ya injini yanabadilishwa, kila mutu anajua. Ya freni yanaongezwa tu. Kikopo kikipunguka, wanamimina juu ya yale ya zamani, mara ingine ya chupa ambayo hakuna anayejua ilikaa wazi mu duka miezi mingapi. Na kikopo kupunguka ni habari yenyewe: ao plaketi zimeisha sana, ao kuna pahali panavuja. Kuongeza bila kutafuta ni kuzima sauti ya mutu anayeita musaada.

Shida ya pili inatoka mbali zaidi. Jeep nyingi za Goma, Bukavu, Butembo na Bunia, zikiwa RAV4, Harrier, Prado, hazikuja mpya. Zilitembea Japani ao pengine miaka mingi, zikapita Dubai, Mombasa ao Dar es Salaam, ndipo zikafika duwane. Mu inchi zinakotoka, kampuni ikigundua kosa inaita gari zirudi ku garaji zitengenezwe bila malipo. Mwito huo unafuata jina na adresi ya mwenye gari. Gari ikivuka bahari, barua inabaki kule.

Si hadisi ya kufikirika. Mu mwezi wa kumi 2010, Toyota iliita zaidi ya gari milioni 1,5 duniani, zaidi Marekani na Japani, nyingi kwa ajili ya pompe ya freni, ile inayosukuma mafuta mutu anapokanyaga. Mu Marekani zilikuwemo Highlander na Lexus RX330 za miaka ya 2004 mpaka 2006, na RX330 ni ndugu ya tumbo moja na Harrier ya wakati ule. Sababu yake ingepashwa kubandikwa ku kila garaji ya hapa: kama mutu aliweka mafuta ya freni yasiyokuwa na vitu fulani vya kulainisha, kampira kamoja ndani ya pompe kangeweza kukauka, kujikunja, na kuacha mafuta yatoke kidogo kidogo. Taa ya freni inawaka, pedali inalainika, na kama hakuna anayejali, nguvu ya freni inapunguka. Haimaanishi kila Harrier ya Goma iko na kosa lile. Inamaanisha kwamba chupa ya mafuta tu, ikiwa si ile gari inaomba, inatosha kuharibu pompe ya kampuni kubwa namna ile.

Mu mwezi wa sita 2022 ilikuwa zamu ya Mercedes: karibu gari milioni moja, jeep za ML na GL na gari za R, za 2004 mpaka 2015. Kutu ilikuwa inaweza kula servo, lile sahani kubwa la chuma nyuma ya pompe linalosaidia mguu. Wenye gari hizo Marekani waliambiwa wasiziendeshe mpaka ziangaliwe. Mwenye kununua ML ya 2008 mu soko ya okazioni mu Kivu aliambiwa na nani?

Namna ya kujua iko, hata kama si rahisi. Gari iliyouzwa kwanza Marekani ina nimero ya shasi ya alama 17, na serikali ya kule imeweka ku intaneti pahali pa kuiandika ili kuona kama kuna mwito haujatimizwa. Toyota ya Japani nayo ina ukurasa wake wa nimero za shasi, kwa kijapani. Kijana mwenye telefone ya kutafsiri anaweza kuusoma. Ngumu iko mbele: ukikuta kosa, hapa hakuna garaji inayolazimishwa kukutengenezea bure. Unajua ugonjwa, dawa unajilipia.

Halafu kuna kazi ingine inayofanyika kwetu wenyewe, na haizungumzwi sana. Congo tunatembea kuume. Gari za kupita Mombasa na Dar es Salaam ziko na usukani kuume pia, zilitengenezwa kwa barabara za kushoto. Wengine wanazitumia vile vile, na kila kudubula kamio kunakuwa bahati nasibu ju mushofere hawezi kuona mbele. Wengine wanahamisha usukani kwenda kushoto. Hapo watu wanafikiria tablo na volani tu. Kumbe pedali nazo zinahama, na freni inafuata pedali. Ao pompe na servo zinavunjwa zinapelekwa upande wa pili, mirija inakatwa na kuunganishwa upya, ao zinabakia pahali pake na chuma kirefu kinapitishwa kutoka pedali mpya mpaka kule. Ikifanywa na mutu mwenye vyombo na uangalifu, gari inatembea. Ikifanywa mbio mbio, kila muungano ni pahali papya pa kuvuja, na chuma kikipinda kidogo, sehemu ya nguvu ya mguu inapotea njiani. Mwenye kununua gari iliyokwisha kuhamishwa angepashwa kuuliza swali hili mbele ya kuuliza bei: pompe ya freni iko upande gani, na nani aliihamisha?

Na mashofere nao wako na sehemu yao. Mafuta ya gari iko bei, basi mu mutelemko wengi wanatoa vitesi, gari inajitembeza. Wengine wanazima kabisa injini. Faida yake ni ndogo sana, hasara ni kubwa. Bila vitesi, injini haishike gari tena, moto wote unabaki ku freni. Injini ikizimwa, servo haipate tena nguvu yake: inabaki na pumzi ya kukanyaga mara moja, mbili, pengine tatu, kisha pedali inakuwa ngumu sawa jiwe. Mushofere anasema freni imejifunga. Ni yeye aliyeifunga. Wenye vitesi ya otomatike nao wanasahau kwamba kuna L na 2 ku mukono, wanaacha D kutoka juu mpaka chini.

Sheria haikosi. Code de la route ya Congo, ile sheria ya tarehe 30 mwezi wa nane 1978, inajulikana, na karatasi ya kontrole tekniki inaombwa barabarani. Lakini kinachoombwa ni karatasi. Polisi wa barabara mwenye kuangalia vinyete, asiransi na permi mara nyingi hainami kuangalia plaketi, na hakanyage pedali. Gari yenye karatasi zote inaweza kushuka Ngomo na plaketi za milimetre moja, na yenye freni nzuri ikakamatwa ju asiransi imeisha jana. Njia zenyewe haziachi mutu achague. Kwenda Uvira, wengi waliona heri kupita Rwanda, Kamembe na Bugarama, mpaka Kamanyola, kisa lami. Mupaka ukifungwa ao documan zikikosekana, Ngomo inabaki. Upande wa Kivu ya Kaskazini, ni vile vile mutelemko wa Kabasha, kutoka Kanyabayonga kushuka Rwindi: njia ikifungwa na vita, hakuna ingine fupi.

Kuna majaribio mawili yasiyoomba mashine wala franga. La kwanza: injini inawaka, gari imesimama, mushofere anakanyaga freni kwa nguvu ya kawaida na kushika dakika moja. Pedali ikishuka pole pole, mafuta yanapita ndani ya pompe ao kuna pahali yanatoka, na gari ile haipashwe kupakia mutu. La pili: injini imezimwa, anakanyaga mara tano mpaka pedali iwe ngumu, anaishikilia, kisha anawasha. Pedali ikishuka kidogo chini ya mguu, servo iko muzima. Ikibaki pale pale, servo imekufa. Kisha kufungua kaputi, kuangalia kikopo: mafuta yakiwa meusi sawa kahawa, yamezeeka.

Yote haichukue dakika tano, na pahali pake iko tayari. Ku parking za kwenda Uvira, gari hazitoke mbele ya kujaa, na kujaa kunaomba saa nzima, mara ingine mbili. Shirika la mashofere, ACCO, linajulikana ku parking hizo, na zamu za gari zinafuatwa kwa uangalifu kuliko freni. Mutu mmoja wa zamu angeweza kuomba mushofere akanyage pedali mbele yake, abiria wakiwa bado wanakunywa chai. Gari yenye pedali inayoshuka ingerudi nyuma ya mustari, na yule mushofere angekasirika sana, ju siku ile amepoteza safari.