Salamu za Desemba kwa dereva wa Bujumbura
Kijana wa Mgori anayepeleka kuku na asali mjini Singida mwezi wa Desemba angefaidika na Kifaransa kidogo cha sikukuu, maana mjini hapo hupita malori ya kwenda Rwanda, Burundi na Kongo, nchi iliyoingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Madereva wengi wanajua Kiswahili, sikatai. Lakini dereva wa Bujumbura au Bukavu akisalimiwa kwa lugha aliyosomea, atatabasamu kwanza ndipo aulize bei. “Joyeux Noël”, yaani Krismasi njema, itamkwe bila ile x ya mwisho wa neno la kwanza. Usipojua dini ya mtu, sema “Bonnes fêtes”, inabeba sikukuu zote. Yenye masharti ni “Bonne année”, heri ya mwaka mpya: wapo Wafaransa wanaoona ni nuksi kuitamka kabla ya saa sita usiku wa Desemba 31, ila ikishafunguliwa ni ruksa hadi Januari 31, na mara nyingi hufuatwa na “bonne santé”, kutakiana afya. Mwezi mzima wa heri! Huku kwetu wiki ya kwanza tu watu wameshaingia shambani na alizeti, wanaulizana habari za mvua.