Kujitolea si kujitupa



Yawezekana jambo hili limekwisha kubisha hodi mlangoni pako. Binti yenu yuko mwaka wa mwisho katika chuo cha uuguzi. Baba mtu amelipa ada kwa mshahara wa karani, mama mtu ameongezea kwa faida ya genge lake la mboga, na wadogo wawili wanangoja zamu yao ya kusomeshwa. Jioni moja, sahani zikiwa bado mkekani, binti anasema: "Baba, mimi sikusudii kukaa katika hospitali moja hadi kustaafu. Nataka kuwahudumia wagonjwa katika nchi zenye vita na maradhi, mwaka huu huku, mwaka ujao kule, kwa kujitolea." Baba anarudisha tonge sahanini. Mama anauliza kwa sauti ndogo, "Na sisi je, mwanangu?"

Wazazi wengi hulipokea jambo hili kwa hasira, na vijana wengi huijibu hasira hiyo kwa machozi. Makala haya hayakusudii kumpa ushindi baba wala binti. Yanakusudia kuonyesha kwamba swali la mama ni la haki, na kwamba hujibiwa kwa mpango, si kwa maneno matamu.

Tuanze na mfano wa zamani. Katika Vita vya Krimea, wanawake wawili waliacha makwao kwenda kuwahudumia askari wa Kiingereza. Florence Nightingale aliwasili Scutari, Uturuki, mwezi Novemba 1854, akiwa na wauguzi 38. Alitumwa na serikali, na nyumbani baba yake alikuwa akimpa pauni 500 kila mwaka. Mary Seacole, mzaliwa wa Jamaika, aliomba apelekwe, akakataliwa. Hakukata tamaa. Mwaka 1855 alikwenda kwa fedha zake mwenyewe, akafungua nyumba karibu na Balaclava, akawa anauza vyakula na kuwatibu wagonjwa. Vita vilipokwisha mwaka 1856, bidhaa zake hazikupata mnunuzi. Alirudi Uingereza mikono mitupu, akatangazwa kuwa amefilisika, hata ikabidi wafadhili wamchangie.

Mioyo ya wanawake hao wawili ilikuwa sawa. Kilichowatenganisha ni jambo moja tu: mmoja alikuwa na chombo nyuma yake kinachombeba, mwingine alijibeba mwenyewe. Kwa hiyo kijana anayetaka kuishika njia hii hana budi kujiuliza mapema: nitakapokuwa nawabeba wagonjwa, ni nani atakayenibeba mimi?

Jibu la kwanza ni ujuzi. Yuko kijana adhaniye kwamba palipo na shida kubwa, mwenye cheti chochote atapokelewa. La hasha! Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, lililoanzishwa Ufaransa mwaka 1971, kwa kawaida hutaka mtu awe amefanya kazi walau miaka miwili baada ya masomo. Tena muuguzi atokaye nchi nyingine aghalabu hatumwi kuchoma sindano tu. Hutumwa kusimamia wauguzi wenyeji, kupanga zamu, kutunza hesabu ya dawa na kufundisha. Je, atasimamiaje wodi ya ugenini yule ambaye hajapata kusimamia wodi ya kwao? Kwa hiyo binti asiidharau ajira ya nyumbani. Miaka miwili au mitatu ya zamu za usiku katika wodi ya watoto, ya wazazi au ya majeruhi ndiyo nauli yake ya kweli.

Jibu la pili ni karatasi. Muuguzi asiye na usajili hai wa Baraza la Uuguzi na Ukunga hana cha kuonyesha ng'ambo. Leseni ina muda wake, na ikiisha mwenyewe akiwa mbali, atarudi nyumbani akiwa muuguzi kwa jina tu. Pasipoti, cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na chanjo ya homa ya ini aina ya B, ambayo kwa kawaida hutolewa mara tatu katika muda wa miezi sita, ni mambo ya kuandaliwa kabla, si siku ya kuitwa.

Jibu la tatu ni mkataba, na hapa wazazi wana haki ya kuuliza. Neno kujitolea halina maana moja. Yako mashirika, kama hilo la Madaktari Wasio na Mipaka na ule mpango wa Wafanyakazi wa Kujitolea wa Umoja wa Mataifa, ambayo humpa mtumishi posho ya kumwezesha kuishi. Yako mengine, kama Mercy Ships lenye meli za hospitali, ambako anayejitolea hulipia gharama zake mwenyewe. Njia zote mbili ni za heshima, lakini ya pili haifai kuwa maisha ya mtoto wa karani asiye na mfadhili. Basi iulizwe: nani analipa nauli ya kwenda na kurudi? Nani analipa bima? Akiugua, atatibiwa wapi? Na mtu yeyote akitaka fedha mkononi ili "kumtafutia nafasi," afungiwe mlango.

Jibu la nne ni uzee. Mfuko wa hifadhi ya jamii hapa Tanzania hudai michango ya miezi 180, yaani miaka 15, ndipo mwanachama apate pensheni ya kila mwezi. Anayeruka kutoka mkataba hadi mkataba bila kuchangia atafika miaka 60 akiwa na hadithi nyingi na mfuko mtupu. Yupo anayeweza kuomba likizo bila malipo kwa mwajiri wake, na yupo anayeweza kuendelea kuchangia kwa hiari. Lakini haya huombwa kwa maandishi kabla ya safari.

Sasa tumgeukie baba. Ndugu yangu, usidhani kwamba kazi hii ni ya Wazungu peke yao. Ugonjwa wa Ebola ulipozishambulia Guinea, Liberia na Sierra Leone, Umoja wa Afrika ulipeleka huko mamia ya watumishi wa afya waliojitolea, mwaka 2014 na 2015. Maradhi hayo yaliua watu zaidi ya 11,300, na miongoni mwao walikuwamo watumishi wa afya zaidi ya 500. Yalipozuka tena mashariki ya Kongo, kuanzia 2018 hadi 2020, yaliua watu 2,287. Huko Kivu na Ituri Kiswahili ni lugha ya sokoni na ya zahanati. Muuguzi wetu akimwambia mama mgonjwa, "Pole, mama, nipo hapa," husikika bila mkalimani. Akiongeza Kifaransa, atafaa maradufu. Hiyo ni mali aliyonyonya kwenu, na wageni wengi huinunua kwa miaka ya masomo.

Wala hatari haifichwi. Mwezi Aprili 2019 daktari Mkameruni wa Shirika la Afya Duniani aliuawa kwa risasi akiwa kazini Butembo. Binti asiyetaka jambo kama hilo lizungumzwe mbele ya mama yake bado hajawa tayari kwenda.

Kwa hiyo nashauri hivi. Familia ikae, ichukue karatasi moja, iandike: miaka ya kufanya kazi nyumbani kabla ya safari ya kwanza, mkono wake katika kuwasomesha wadogo zake, na utaishia wapi, muda wa kila mkataba, na muda wa kupumzika nyumbani kati ya mkataba na mkataba, na siku ambayo wote watakaa tena kupima kama njia hii inafaa kuendelea. Kama amekwisha kuposwa, mchumba naye aitwe mkekani.

Baba atagundua kwamba hampotezi mtoto, na binti atagundua kwamba swali la mama halikuwa pingu. Kuwahudumia wanyonge wa nchi nyingine ni utu, na utu hauna mpaka. Lakini anayejitolea hutoa alicho nacho, kisha akarudi na kutoa tena mwaka ujao. Anayejitupa hutoa mara moja tu, akaisha.