Taja Stegi, Makanga!

Serikali ya Kenya ikitaka matatu zitii, zinatii. Mwaka 2004 amri za John Michuki, waziri wa uchukuzi wakati huo, zilianza kutumika: mstari wa manjano, mikanda na vidhibiti mwendo. Wenye magari walilia, wakaegesha, kisha wakapaka rangi. Wakati huo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 ilikuwa tayari vitabuni, na kifungu cha 23 kikiwataka wayarekebishe magari yawafae walemavu. Hicho kikaachwa kilale hadi Januari 2010, tena wakaongezewa miaka miwili ya kujipanga! Panda matatu ya Siongiroi kwenda Bomet leo, uniambie umeona marekebisho gani.

Mchukue asiyeona. Hasumbuki kujua gari liendako. Makanga wetu wamejaliwa koo. Shida inaanza mlango ukifungwa. Yule aliyekuwa akipiga kelele "Bomet, wawili twende!" ananyamaza ghafla, muziki unapandishwa hadi viti vinatetemeka, na kila kituo ni bati kugongwa mara mbili tu. Mwenye fimbo nyeupe anahesabu kona na matuta, amemwomba jirani amwambie wakifika, kumbe jirani alishashuka zamani. Anapitishwa. Akigutuka anateremshwa popote, ukingoni mwa mtaro, akivutwa kwa fimbo yake kama ng'ombe wa mnada. Kwenye teksi za Probox ndiyo usiseme: anadaiwa nauli ya pili kwa mtoto anayemwongoza, naye amempakata.

Nawasikia wenye magari wakijitetea: mafuta ghali, vifaa ni vya Ulaya. Nani kawaomba vifaa? Kutaja stegi kabla ya kufika hakuchomi hata tone la dizeli. Hata Benki Kuu iliweka alama za kupapasa kwenye noti za 2019 ili asiyeona ajue anachotoa. Anaingia na noti hiyo kwenye gari ambalo namba ya M-Pesa imebandikwa juu ya dirisha, aisome nani?

Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya 333,520 wenye shida ya kuona. Katiba, ibara ya 54, inawapa haki ya usafiri wa umma. Sheria mpya ya walemavu ilitiwa saini 2025, na naomba isituletee semina nyingine ya hotelini Kericho, chai na mandazi. NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, ndiyo inayotoa leseni, kaunti ndiyo inayokusanya ada stegini. Waandike sharti moja: sacco isiyotaja vituo, leseni yake isifanywe upya. Makanga akimpitisha abiria asiyeona, amrudishe bure. Akimvuta kwa fimbo, gari lilale polisi.